Kukutwa Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 2 Novemba 1981

Nimefungwa tena na Ngai Tung-shing. Bustanini, mbele ya watu wote, kabla chai yangu haijapoa. Mtu huyu tulikuwa tunamcheka. Alikuwa akisukuma kete za sataranji ya Kichina kama anayefagia ua. Tangu kiangazi kiishe, anacheza kama mtu mwingine kabisa. Leo alimtoa farasi wake wa kushoto, akamwacha pale peke yake kama yatima. Nikamla kwa furaha. Baada ya hapo jenerali wangu, ndiye mfalme wa mchezo wetu, hakuwa na pa kukimbilia.

Watazamaji walicheka. Ngai hakucheka. Hilo ndilo linaloniudhi.

Ngai anauza supu ya nyoka nyuma ya soko la vitambaa, hapa hapa Sham Shui Po. Mtu anayechuna nyoka kutwa nzima anapata wapi akili ya namna ile? Kuna anayemfundisha. Mashindano ya majira ya baridi yamekaribia. Nitamtafuta mwalimu huyo na nitamchukua.

Nimemweleza dada yangu Lai-kuen, ninayeishi kwake, juu ya duka lake la uji. Akasema mwanamume wa umri wangu asiye na kazi angeanza kwa kutafuta kazi. Nikaendelea kula.

Jumatano, 4 Novemba

Nimemfuata Ngai. Kumbe ni rahisi, hageuki nyuma. Wateja wa mchana wakiisha, anajaza supu kwenye kopo la bati lenye mfuniko, analifunga kwa kitambaa, anakata kona tatu, anapanda ngazi za jengo kuukuu lililo karibu na duka la vifungo. Ghorofa ya tatu. Anashuka mikono mitupu.

Supu ya nani? Mkewe alishafariki. Mtoto hana. Kaka yake, kama anavyotuambia miaka yote, ni mpishi melini huko Ulaya. Mtu hapeleki supu bure kila siku ila kwa mwalimu wake. Nimemnasa!

Nikamuuliza mwenye duka la vifungo ni nani anakaa ghorofa ya tatu. Alinitazama weee. Akasema ni watu wasionunua vifungo.

Jumamosi, 7 Novemba

Mpango umekamilika. Nitaingia kama msoma mita za maji. Nina kofia ya bluu, tochi, na penseli sikioni. Nikishamwona mwalimu, nitamjia siku ya pili na uji wa dada, wenye samaki, si ule wa mtu wa kawaida. Nyoka hana lolote mbele ya uji ule.

Dada ameuliza kofia ni ya nini. Nimesema jua. Akachungulia nje. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumatano, 11 Novemba

Jana sikuandika. Nilikuwa mahabusu.

Nieleze kwa utaratibu. Nilipanda ngazi mchana kama nilivyopanga. Kwenye ngazi ya pili nikakutana na Ngai akishuka. Nikavuta kofia hadi puani. Akasema, “Mchana mwema, Cho,” akapita. Sijui alinijuaje.

Mlango ulifunguliwa na mama mmoja mwenye vibanio nywele nzima. Jina lake ni Bibi Kiu, nililijua baadaye, kwa sababu lilisomwa mahakamani kabla ya langu, Mok Yiu-cho. Nikasema, mita ya maji. Akasema, “Haya, fanya upesi uondoke.” Ndani mapazia yameshushwa. Magodoro sakafuni. Wanaume wamelala ubavu, wanachoma kitu juu ya foili na kuufuata moshi kwa mrija wa karatasi. Nilidhani ni dawa ya kifua. Mtaa wetu una baridi kali.

Kwenye godoro la dirishani alikuwa mzee mmoja, mkonde kama ufito, anakunywa supu kutoka kwenye kopo ninalolifahamu. Anaangalia dari, na macho yake yanahama kama mtu anayesogeza kete. Ndiye! Nikachutama, nikamnong'oneza, “Mzee wangu, yule farasi wa kushoto. Kwa nini anaachwa peke yake?”

Hakushangaa hata kidogo. Akasema, “Kwa sababu wewe utamla.”

Sikupata nafasi ya kuuliza zaidi. Mlango uliangushwa. Polisi. Nikakimbilia chooni, nikapanda juu ya ndoo, nikatoka dirishani. Yaani nilitoka mpaka kiunoni. Uji wa dada una gharama zake. Polisi aliyekuwa chini uchochoroni aliniamkia kwa heshima.

Inspekta alinieleza hali yangu nikiwa bado pale pale. Sheria, alisema, inamhusu anayekutwa ndani ya nyumba ya kuvutia unga na pia anayekutwa akitoroka kutoka humo. Katika kazi yake yote hakuwahi kumpata mtu ambaye ni wote wawili kwa wakati mmoja. Nikasema mimi ni msoma mita. Akaniambia mita za maji za jengo lile ziko ngazini.

Tulikamatwa wote, hata kijana wa gesi aliyekuwa jikoni na mtungi begani.

Mahabusu niliwekwa na yule mzee. Anaitwa Wah. Usiku ulipoingia alianza kutetemeka hadi meno yakagongana. Nikampa koti langu kwa sharti kwamba anifundishe. Vigae vya sakafu vikawa ubao. Alinifundisha nusu ya mchezo wa farasi, kisha akatapika. Nilimuuliza kuhusu kete ya mzinga wa kulia. Alipopata nafuu akaniambia ujanani alikuwa bingwa wa Kowloon yote. Na kwamba jina lake kamili ni Ngai Tung-wah.

Kaka yake Ngai! Mpishi wa melini!

Asubuhi tulisomewa mashtaka mahakamani, dada akaja kunidhamini. Tulipofika juu, akafunga dirisha ili majirani wasisikie, ndipo akasema yote.

Ila nilikuwa sahihi. Mwalimu yupo.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimepewa wakili wa msaada, Bi Heung Man-yee. Msichana mdogo, anavaa miwani mikubwa, anakunywa chai ya maziwa bila sukari. Amenifafanulia sheria. Nyumba ikithibitika kuwa ya kuvutia unga, kila aliyekutwa humo anahesabiwa kuwa alikuwa akivuta, mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kwamba hakuvuta. Nikasema hiyo ni kinyumenyume. Akasema ndivyo ilivyo, na kwamba mahakimu wengi husikiliza maelezo, ilimradi yawe maelezo.

Akaniomba nimweleze ukweli. Nikamweleza. Aliweka kalamu chini. Akauliza kama kuna ukweli mwingine.

Nikampa machaguo. Kwamba nilipotea ngazi. Kwamba nilikuwa nawapeleleza kwa ajili ya taifa. Kwamba huwa natembea usingizini. Akasema, “Bwana Mok, ulishawadanganya polisi mara moja, na uongo wako umeshaandikwa. Huo unatosha. Sasa niambie, nani alikuona unaingia?”

Aliyeniona ni mmoja tu. Angeweza kusema kwamba niliingia muda mfupi kabla ya polisi, nikiwa na kofia ya kijinga kichwani, na kwamba hajawahi kuniona pale.

Bi Heung akasema basi nikamwombe. Alilisema kama kitu chepesi.

Dada naye ametoa msimamo. Wateja wa asubuhi wamepungua. Hakuna anayetaka kula uji chini ya chumba cha teja. Nikipatikana na hatia nisirudi. Alilisema akinipakulia bakuli la pili, lakini alilisema.

Jumatatu, 16 Novemba

Nimekwenda kwa Ngai. Nilimkuta anachuna. Nikampa pendekezo la kiungwana: aje atoe ushahidi, nami nitajitoa mashindanoni. Hakuinua macho. Nikaongeza: na nitamsifu bustanini, mara moja kwa wiki.

Akasema, “Nikisema nilikuona pale, wataniuliza mimi nilifuata nini.”

Nikamwambia hilo dogo, aseme anapeleka supu kwa mteja.

Akaweka kisu. “Wewe Cho ndio unifundishe uongo? Wewe uliyekwama dirishani?” Watu wawili waliokuwa wanakula walicheka mpaka supu ikawatoka puani. Nikaondoka na heshima iliyobaki.

Jumanne, 17 Novemba

Mpango mwingine. Tishio. Asipokuja mahakamani, nitautangazia mtaa mzima kwamba mpishi wa melini hajawahi kupanda meli. Nimelifanyia mazoezi tishio langu mbele ya kioo. Liko vizuri. Lina kituo katikati.

Nilifika kwake mchana, wateja wameisha. Alikuwa amesimama katikati ya duka na lile kopo la bati mikononi. Amelijaza, amelifunika, amelifunga kitambaa. Kaka yake yuko rumande na supu haipokelewi huko. Nadhani mikono ilifanya yenyewe, kwa mazoea. Alikaa nalo hivyo hivyo, kama mtu aliyesahau mlango wa kutokea.

Nikalisahau tishio langu. Si huruma. Ni uchovu, nilikuwa nimepanda kilima. Nikanunua bakuli la supu, nikalinywa, nikaenda zangu. Haikuwa mbaya. Inahitaji tangawizi zaidi.

Jumatano, 18 Novemba

Kesho ni kesi. Nimekimbia bustanini kuonyesha afya. Nimekimbia mara moja, kisha nikakaa. Nimepata suti ya marehemu shemeji yangu. Alikuwa mrefu kuliko mimi, lakini hakimu ataniona kifua, si miguu.

Bi Heung amesisitiza: nijibu ninachoulizwa tu, na nisimfundishe kazi mwendesha mashtaka. Nimekubali, kwa shingo upande.

Alhamisi, 19 Novemba

Naandika polepole, macho bado yanawaka.

Asubuhi nilijipaka dawa ya kuchua kwenye paji la uso ili nitulie. Kisha nikafuta jasho, dawa ikaingia machoni. Niliingia mahakamani macho mekundu kama pilipili, machozi yakitiririka, pua inachuruzika. Bi Heung aliponiona alifumba macho yake.

Mtaa wetu wote ulikuwepo kwenye mabenchi. Fundi cherehani tunayecheza naye bustanini alikuja na karanga.

Hakimu ni Mzungu mzee mwenye sauti ndogo. Anasema sentensi moja, mkalimani anatoa nne.

Kwanza waliitwa wenye kesi rahisi. Kijana wa gesi aliachiwa bila hata kuulizwa. Mwendesha mashtaka alifuta kesi, kwa kuwa mtu haji kuvuta unga na mtungi uliojaa begani. Niliuonea wivu mtungi ule.

Bibi Kiu alisema yeye ni mpangishaji tu, wapangaji wakilala ubavu si kosa lake. Hakimu akasema nyumba iko kwa jina lake, funguo ni zake, na mlango alikuwa akiufungua yeye. Bila mtu kama yeye wale wengine wasingekuwa na pa kulala ubavu. Akampeleka jela. Miaka, si miezi. Vibanio vilikuwa vimetolewa. Bila hivyo alionekana mdogo.

Mzee Wah alikiri mara moja. Tulipokuwa tunasubiri nilimuuliza kwa nini asijaribu kukana, hakuna anayejua. Akasema, “Kukana ni kusimama muda mrefu. Miguu yangu haiwezi.” Hakimu aliisoma orodha ya makosa yake ya zamani, akaivua miwani, akauliza kama yu tayari kwenda kutibiwa. Mzee akasema popote penye kitanda. Akapelekwa kituo cha tiba kisiwani. Waliruhusu akae benchi la nyuma, na askari, asubiri gari.

Kisha mimi.

Mwendesha mashtaka aliuliza kama ni kweli niliwaambia polisi kwamba mimi ni msoma mita. Nikasema ni kweli kwamba niliwaambia. Akauliza kama mimi ni msoma mita. Nikasema si hasa. Akaomba ionekane wazi hali ya macho yangu. Nikaeleza kuhusu dawa ya kuchua. Akauliza nilifuata nini ghorofa ya tatu. Nikasema farasi.

Mkalimani aliniomba nirudie. Nikarudia. Neno farasi, kumbe, mateja nao wanalo, na kwao maana yake ni unga. Mahakama ilichangamka. Bi Heung alisimama kurekebisha, ikatumika dakika ndefu kueleza kwamba ni farasi wa mbao.

Nikajua nimekwisha. Nilianza kufikiria nitalala wapi, maana kwa dada hapalaliki tena. Nilimtafuta kwa macho kwenye mabenchi. Alikuwa ameinamisha kichwa, na bado alikuwa amejifunga aproni ya dukani kiunoni.

Hapo mlango ukafunguka. Ngai Tung-shing. Shati jeupe, limepigwa pasi, ananukia tangawizi mpaka kizimbani.

Alikula kiapo. Akasema aliniona ngazini mchana ule, nikipanda, na kofia. Hakunitambua kwa uso, alinitambua kwa miguno yangu ya kupanda ngazi. Hajawahi kuniona pale kabla, naye hufika kila siku. Alipofika kona ya mtaa, magari ya polisi yakampita.

Mwendesha mashtaka akamrukia kama nilivyotarajia. Yeye kila siku alifuata nini kwenye nyumba ya unga?

Fundi cherehani aliacha kutafuna.

“Nilimpelekea kaka yangu chakula.”

Kaka yupi?

Akanyoosha mkono kuelekea benchi la nyuma. “Yule pale. Ngai Tung-wah. Alikuwa bingwa wa Kowloon.”

Mzee Wah aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa koti. Ni koti langu, bado analo.

Mwendesha mashtaka akauliza kwa nini basi, miaka yote hiyo, hakuwaambia polisi habari za nyumba ile.

“Ningewaambia, angehamia nisikokujua,” Ngai akasema. “Na huko asingekula.”

Mkalimani aliitoa kwa sentensi moja tu. Hakimu aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena.

Hukumu ilikuwa fupi. Kukutwa mahali, alisema, kunamtaka mtu ajieleze, hakumzuii kuaminiwa. Maelezo yangu ameyatafakari kwa makini. Ni ya kipumbavu kiasi kwamba mtu mwenye nia ya kudanganya angeona aibu kuyatunga, na yanaungwa mkono na shahidi aliyejigharimu kusema kweli. Naachiwa huru.

Nimesifiwa na hakimu! Nimemwomba Bi Heung aniandikie maneno yale kwa Kichina. Akasema ana kesi nyingine.

Nje nilitaka kumshukuru Ngai. Hakuwepo mlangoni. Alikuwa nyuma, karibu na gari la wafungwa, anaongea kupitia wavu. Nikaona nisubiri siku nyingine.

Jumamosi, 21 Novemba

Mtaa hauzungumzi habari zangu hata kidogo. Nimeponea jela, na bado wanamzungumzia Ngai. Eti kaka. Eti miaka yote. Wapo waliosema hawatakula supu iliyopikwa na mtu wa ukoo ule. Jana duka lake lilikuwa tupu.

Leo mchana dada alifunga duka lake saa ya wateja, akavua aproni, akanishika mkono tukaenda kwa Ngai. Dada anaogopa nyoka tangu utotoni. Hata picha haangalii. Akaketi meza ya mbele, inayoonekana na wapita njia wote, akaagiza bakuli kubwa. Alikunywa macho kayafumba, machozi yanamtoka, mpaka tone la mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, “Kaka Ngai, nzuri sana. Niongeze.”

Jioni waliingia watu wanne. Fundi cherehani mmoja wao.

Mimi nilisema tangawizi ni kidogo. Dada alinikanyaga.

Alhamisi, 26 Novemba

Mashindano. Ngai hakujiandikisha. Njia ilikuwa nyeupe kwangu.

Nimetolewa raundi ya kwanza na fundi cherehani. Nilimtoa farasi wa kushoto, nikamwacha peke yake, vile vile nilivyofundishwa mahabusu. Fundi akamtazama. Hakumla. Mzee Wah hakunifundisha la kufanya mpinzani asipokula.

Ngai alipita bustanini akielekea kwenye boti ya kisiwani, kopo mkononi. Huko wanaruhusu chakula. Alisimama, akaniuliza kama ningependa kwenda naye siku moja, kaka yake ananiulizia. Anasema nilimpa koti nikiwa na baridi mimi mwenyewe. Sharti langu amelisahau, ama anajifanya.

Nikasema nitafikiria. Nusu ya pili ya mchezo ule inanihusu.

Jumapili, 29 Novemba

Habari njema! Nimepata kazi. Dada ataona.

Siku ile ya kesi, kwenye ujia wa mahakama, alikaa pembeni yangu bwana mmoja anaitwa Poon, viatu vinang'aa, alikuja kwa mambo ya binamu yake. Alinisikia nikieleza kesi yangu kwa watu waliokuwa karibu. Alipendezwa sana. Leo amenitafuta mpaka bustanini, akaninunulia chai na kitafunio, akasema mtu aliyesafishwa jina na hakimu ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Ana nyumba ndogo mtaa wa tatu kutoka hapa, ghorofa ya tano, pazia zito, hewa kidogo, na anatafuta mwangalizi. Nitakaa na funguo, nitafungua mlango marafiki zake wakija, nitafagia wakiondoka. Ni watu wenye shughuli, hawakai sana, na wengine hupenda kujinyoosha kidogo kwenye magodoro. Nimemuuliza mimi nitacheza sataranji na nani. Akasema mchana mzima nitakuwa na watu.

Dada ameuliza ni kazi gani hasa. Nimemwambia ni ya uaminifu.

Kitu kilichonigusa zaidi ni hiki. Nilidhani nyumba itaandikwa kwa jina lake, yeye ndiye tajiri. Akakataa katakata. Amesisitiza iandikwe kwa jina langu, Mok Yiu-cho, herufi kubwa, na la kwake lisionekane popote. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunipa heshima kama hiyo. Nimeshatia sahihi.